Mti Wenye Tundu: Upime Kabla ya Kuukata

Mti mkubwa unaosimama karibu na watu katika kata ya Nyansurura, mjini Mugumu au ng'ambo ya Mto Mara upande wa Tarime, mara nyingi una kazi: unatoa kivuli kwenye uwanja wa shule, sokoni, mbele ya zahanati au nyumbani kwa mtu. Siku linapoonekana tundu kwenye shina lake, au uyoga mgumu unapochomoza mahali palipokatwa tawi zamani, maoni hugawanyika. Wengine wanataka uangushwe leo leo kabla haujaua mtu. Wengine wanataka ukatwe kichwa ili upungue uzito, uozo ukwanguliwe na tundu lizibwe kwa saruji. Pande zote mbili zina nia njema, na zote mbili huwa zimeamua kabla ya kupima. Mwongozo huu ni wako wewe uliyepewa jukumu hilo, uwe mwalimu wa mazingira, mjumbe wa kamati ya shule, mwenye shamba au kijana mwenye msumeno anayeitwa kufanya kazi kwa ujira. Hoja yake ni kwamba mti hauponyi kidonda. Unakizungushia ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukilishika hilo, utaelewa kwa nini matundu mengi si hatari kama yanavyoonekana, kwa nini tiba nyingi zilizozoeleka ndizo zinazoleta hatari, na wapi pa kuanza kutazama.

Aliyelithibitisha jambo hili kwa ushahidi mwingi ni Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa serikali ya Marekani, ambaye kwa miaka mingi alipasua maelfu ya miti kwa msumeno wa mnyororo, kutoka juu hadi chini, akifuata uozo ulikoanzia na ulikokomea. Mwaka 1977 alichapisha maelezo yake ya kuta nne. Mti ukijeruhiwa, kwanza huziba mirija ya maji juu na chini ya jeraha. Ukuta huo ni dhaifu, ndiyo maana uozo hukimbia zaidi kwenda juu na chini kuliko pembeni. Ukuta wa pili huuzuia uozo kuingia ndani kuelekea katikati, na wa tatu huuzuia kulizunguka shina. Wa nne ndio wenye nguvu kuliko yote: ni tabaka ambalo mti hulijenga baada ya kujeruhiwa, likitenganisha mbao iliyokuwapo siku ya jeraha na yote itakayoongezeka baadaye. Kwa mpimaji, maana yake ni kubwa. Mjohoro uliochunwa gome na mbuzi ukiwa na kipenyo cha sentimita 20, kisha ukanenepa hadi sentimita 60, uozo wa jeraha lile utabaki ndani ya zile sentimita 20 za katikati, mradi ukuta wa nne haujavunjwa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tundu lina ukubwa gani leo, uliza mti ulikuwa mnene kiasi gani ulipojeruhiwa, na kama kuna aliyeuvunja ukuta wake tangu siku hiyo. Wazee wanaoishi karibu na mti huo wana majibu ambayo hakuna chombo kitakachokupa.

Hesabu husaidia kutuliza hofu. Nguvu ya shina ya kuhimili upepo iko zaidi kwenye mbao za nje, sawa na bomba la chuma ambalo lina uwazi katikati na bado halipindiki kirahisi. Shina la mviringo lenye kipenyo cha sentimita 60, likiwa na tundu la katikati la sentimita 20, limepoteza takribani asilimia 1 tu ya nguvu hiyo. Tundu likifika sentimita 30, yaani nusu ya shina, hasara ni asilimia 6. Likifika 42, hasara ni asilimia 24, na ukuta uliobaki una unene wa sentimita 9, ambazo ni asilimia 30 ya nusu kipenyo. Hapo ndipo Claus Mattheck, mwanafizikia wa Ujerumani aliyelinganisha miti iliyovunjika na iliyosimama, alipoweka alama ya tahadhari. Baada ya hapo hasara inapaa: tundu la sentimita 48 limeondoa asilimia 41, la 54 limeondoa asilimia 66. Wapo wataalamu waliokipinga kipimo cha Mattheck, wakisema mti mfupi wenye kichwa kidogo unaweza kusimama na ukuta mwembamba zaidi, ilhali mrefu wenye kichwa kizito unaweza kuvunjika mapema. Pingamizi lao ni la haki. Kichukue kipimo hicho kama mahali pa kusimama na kufikiri, usikichukue kama hukumu. Kumbuka pia kwamba hesabu hii inadhani ukuta umezunguka shina lote. Tundu likiwa na mdomo mpana upande mmoja, au ukuta ukiwa na ufa mrefu, nguvu iliyobaki ni ndogo kuliko tarakimu zinavyosema.

Kama tundu la shina si adui mkubwa, basi hatari iko wapi? Anza chini kabisa, maana mti unaong'oka na mizizi hautoi nafasi ya kukimbia. Mizizi mingi inayolisha mti na kuushikilia iko karibu na uso wa ardhi, ndani ya mita moja ya juu, na huenda mbali kuliko kivuli cha matawi. Kwa hiyo mtaro wa bomba la maji, msingi wa darasa jipya au greda la barabara vinaweza kuukata mti miguu bila mtu kuona jeraha lolote shinani. Usiruhusu mtu kuchimba karibu na shina kuliko mara 3 ya kipenyo chake, na kama nafasi ipo, mwambie asogee mbali zaidi ya hapo. Zunguka mti ukitazama udongo. Mti ulioinama tangu utoto si wa kuogofya: utaona shina limejipinda polepole kurudi wima, na mizizi ya upande wa nyuma imenenepa. Mti ulioinama mwaka huu shina lake lote limelala moja kwa moja, udongo wa upande mmoja umeumuka na wa upande mwingine umepasuka. Kwenye udongo mweusi wa mbuga usiharakishe kuamua, kwa sababu udongo huo hupasuka wenyewe kila kiangazi. Tofautisha nyufa zilizotapakaa kila mahali na ufa mmoja uliojipinda kulizunguka shina. Kazi hii ifanye mara mbili kwa mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika, na tena baada ya kila dhoruba. Mvua kubwa hulainisha udongo wakati uleule upepo unaposukuma majani yaliyolowa, na miti mingi mikubwa huanguka katika saa hizo.

Bado uko chini. Tazama mahali mizizi mikubwa inapoungana na shina. Uyoga mgumu wenye umbo la kibao, kahawia juu na mweupe chini, ukiota usawa wa ardhi unaashiria uozo wa mizizi au kitako cha shina, na ni ishara nzito kuliko uyoga huohuo ukiota juu kwenye tawi lililokufa. Kwenye maeneo ya mwinuko ya Tarime, ambako migrevilea hupandwa kama kivuli cha kahawa, jihadhari na ugonjwa wa Armilaria. Kuvu huyu husambaa udongoni kutoka kwenye visiki na mizizi ya miti ya zamani iliyoachwa ardhini. Inua gome kidogo kwa kisu kwenye kitako cha mti ulionyauka. Ukikuta utando mweupe kama karatasi, wenye harufu ya uyoga, kati ya gome na mbao, mti huo hauaminiki tena, na jirani zake wanahitaji kuchunguzwa. Mchwa nao husingiziwa mengi. Njia zao za udongo kwenye gome mara nyingi zinaelekea kwenye mbao ambayo tayari imekufa, kwa hiyo zifuate ujue zinaishia wapi badala ya kumwaga sumu na kuondoka. Pale ambapo mama lishe huweka jiko chini ya mti, au taka huchomwa kwenye kitako chake, gonga gome la upande wa moto: likilia kikavu na kubanduka, tishu hai chini yake imekufa, hata kama majani bado ni mabichi.

Sasa panda kwenye shina, kwa macho na kwa nyundo. Nyundo ya mpira au ya mti inatosha. Gonga kwenye usawa wa goti, kiuno na kichwa, ukilizunguka shina lote, na usikilize tofauti ya mlio kati ya sehemu moja na nyingine, maana mlio wenyewe hutofautiana kwa aina ya mti. Panapolia kama ngoma, weka alama ya chaki. Kisha tazama umbo: mti huongeza mbao pale unapoelemewa, kwa hiyo shina lililovimba kama chupa linaweza kuwa linafidia udhaifu wa ndani. Kama bado una shaka na kuna watu wengi wanaokaa chini ya mti huo, tumia drili yenye biti nyembamba ndefu, milimita 3 hadi 5, uone mbao ngumu inaishia wapi. Toboa mara chache tu. Kila tundu unalotoboa linapenya ukuta wa nne na kumfungulia kuvu mlango, na mpimaji anayetoboa kila sehemu anaweza kuuacha mti katika hali mbaya kuliko aliyoukuta. Zipo mashine zinazopima shina kwa mawimbi ya sauti, lakini zikikosekana, nyundo na biti hutosha kwa maamuzi mengi. Kabla ya haya yote, simama mbali kidogo utazame mdomo wa tundu kwa dakika chache. Nyuki wakiingia na kutoka, acha kazi, utafute mrina asali awahamishe. Nyuki wa Afrika wakichokozwa na mlio wa msumeno hushambulia kwa kundi, na mtu aliyefungwa kwa kamba juu ya mti hawezi kukimbia.

Juu ya shina, sehemu inayostahili muda wako mwingi ni panda. Mahali mashina mawili yanapoachana kwa umbo la bakuli, mbao zimeshikana vizuri. Yanapoachana kwa pembe nyembamba sana, gome humezwa katikati, na kila mwaka mashina hayo yananenepa yakisukumana. Mikaratusi, mijohoro na jakaranda huwa na panda za namna hii mara nyingi. Tafuta ufa unaoshuka kutoka kwenye panda, maji meusi yanayochuruzika chini yake, na vibonge vya mbao pembeni kama masikio mawili, ambavyo ni juhudi za mti kujishika. Mti wenye shina zima kabisa na panda iliyopasuka ni wa hatari kuliko mkuyu wenye tundu la kumficha mtoto. Tawi la mkaratusi mbichi lenye kipenyo cha sentimita 30 na urefu wa mita 3 lina uzito unaozidi kilo 200. Hesabu hilo kila unapotazama mstari wa wanafunzi ukipangwa chini yake asubuhi.

Kati ya tiba zile zilizozoeleka, kukata kichwa ndiko kunakotetewa zaidi. Utaambiwa mkaratusi ukikatwa huchipua na nguzo zinapatikana tena, na kwamba wakulima wa kahawa hupunguza migrevilea kila mara bila kuiua. Yote mawili ni kweli, na hayapingani na hoja ya mwongozo huu. Shina la mkaratusi linalochipuliwa kwa nguzo hukatwa karibu na ardhi, na machipukizi huvunwa kabla hayajawa mazito. Mgrevilea hupunguzwa ukiwa mdogo, matawi yakiwa membamba, na baadhi ya majani huachwa. Huko vidonda ni vidogo na kuta zinafungwa haraka. Mti wa shule unaokatwa kwenye mita 5 ukiwa na shina la sentimita 40 unabaki na kidonda ambacho hautaweza kukifunika. Uozo unashuka kupitia ukuta ule dhaifu wa kwanza, huku machipukizi mapya yakishikilia mbao za pembeni tu. Baada ya miaka michache yanakuwa matawi mazito juu ya kisiki kilichooza, na hapo ndipo mti uliokuwa salama unakuwa tishio la kweli. Ukiona mti uliokatwa hivyo zamani, angalia maungio ya machipukizi yake kabla ya kitu kingine chochote.

Saruji ina historia ya heshima. John Davey, Mwingereza aliyehamia Ohio na kuandika kitabu juu ya tiba ya miti mwaka 1901, alikuwa miongoni mwa waliofundisha kusafisha matundu na kuyajaza, na kwa miongo mingi mafundi wa Marekani na Ulaya walifuata njia hiyo. Iliachwa kwa sababu ushahidi uliigeuka. Kukwangua uozo hadi kufikia mbao safi ni kuubomoa ukuta ambao mti umeujenga kwa miaka, na kuvu huingia kwenye mbao mpya. Saruji nayo haipindi mti unapoyumba. Inasugua, inaacha mwanya, inatunza unyevu. Chuma cha nje hakifanyi vizuri zaidi. Simulizi la mgumo wa Thika nchini Kenya linajulikana: mtabiri Mugo wa Kibiru alisema kuwa utawala wa wageni utaisha mti ule utakapoanguka, Waingereza wakaufunga kwa chuma ili usimame, na ukaanguka mwaka 1963. Watu husimulia kisa hicho kwa sababu ya siasa zake, lakini fundi wa miti anaweza kukisikiliza kwa sikio lake pia: pete ya chuma haiwezi kuzuia uozo ulio ndani. Rangi, lami na oili chafu juu ya kidonda zina watetezi wengi, na hoja yao kwamba zinamzuia kuvu ni ya kueleweka. Ila hupasuka baada ya muda na kufunika unyevu chini yake, na majaribio ya Shigo na wenzake hayakuona kwamba zinazuia uozo. Acha kidonda wazi kikauke.

Kinachobaki kwa fundi ni kukata kidogo na kukata mahali sahihi. Kila tawi lina pete ya uvimbe linapotoka shinani. Pete hiyo ni sehemu ya shina, na ndani yake mti umeweka kinga yake. Usiikate kwa kusawazisha na shina, wala usiache kisiki kirefu nje yake. Tawi zito likatwe mara tatu: kwanza chini, umbali wa sentimita 30 kutoka shinani, hadi robo ya unene, kisha juu, mbele kidogo ya hapo, tawi lianguke bila kuchuna gome, mwisho nje tu ya pete. Usiondoe zaidi ya robo ya majani ya mti mzima kwa mara moja, na mti mzee uondolee pungufu ya hapo. Chagua miezi mikavu ya katikati ya mwaka, na futa meno ya msumeno kwa spiriti kabla ya kuhamia mti mwingine. Viatu vyenye miiba ya chuma ni vya mti unaoangushwa tu. Kwenye mti utakaobaki, kila hatua ni jeraha.

Chenso, yaani msumeno wa mnyororo, si chombo cha kwanza, na juu ya mti mara nyingi msumeno mkali wa mkono unatosha. Ukilazimika kuiwasha, ishike kwa mikono miwili, usiipandishe juu ya mabega, na usiguse kitu kwa ncha ya juu ya bapa lake, kwa sababu hapo ndipo inaporuka nyuma kuelekea usoni. Usikate ukiwa juu ya ngazi. Kofia ngumu, miwani, kinga ya masikio, buti ngumu na suruali yenye nyuzi za kusimamisha mnyororo si mapambo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kamba ya kumbeba mtu isitumike hata siku moja kushushia magogo, na kamba ya katani iliyokaa juani isimbebe mtu kabisa. Matawi yakiwa karibu na waya wa umeme, waite TANESCO wazime laini kwanza.

Utasema shule ya kijijini haina fedha za vifaa hivi. Ni kweli, na ndiyo sababu nyundo, utepe wa kupimia na daftari vinatangulia katika mwongozo huu: vinagharimu kidogo na vinapunguza idadi ya miti inayohitaji msumeno. Njia nyingine isiyogharimu ni kuhamisha watu. Mti wenye shaka ukiwa pembeni mwa shamba hauna wa kumwangukia. Uleule ukiwa juu ya benchi, genge au mahali pa paredi, hamisha benchi leo wakati unasubiri fundi. Zungushia miiba ili watoto na mbuzi wasifike.

Ipo miti ambayo lazima iangushwe: yenye mizizi iliyooza na udongo ulioumuka, yenye panda iliyopasuka juu ya njia ya watu, yenye ukuta mwembamba na ufa. Kwa mti wa asili, pitia kwanza ofisi ya kijiji na ofisa misitu wa halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Misitu ya 2002 inadai kibali kwa aina kadhaa. Mwambie fundi wazi kwamba mti umeoza. Mti mzima huelekezwa na kipande cha mbao kinachoachwa kati ya kata ya mbele na ya nyuma, kikifanya kazi ya bawaba. Penye uozo bawaba hiyo hukatika ghafla na mti kwenda unakotaka. Ushushwe kwa vipande kutoka juu, au ukatwe juu zaidi ya sehemu iliyooza, watu wote wakiwa mbali kuliko mara 2 ya urefu wake. Ukishalala, kata shina pale ulipoweka alama za chaki, pima ukuta uliobaki, na uandike kwenye daftari ulichokisia kwa nyundo kando ya ulichokiona, pamoja na aina ya mti na tarehe.